Mmea Ambao Sikuutazama

Kila nimwonapo mzee ameketi mbele ya duka akisugua meno kwa mswaki wa mti, ile harufu kali, iliyo kati ya haradali na udongo mbichi, hunirudisha Eldoret, kwenye dawati la mbele, karibu na dirisha.

Kabla ya ziara yetu ya bustani ya mimea, mambo yalikuwa yamepangika hivi. Mimi nilikaa kushoto, Fardosa kulia. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa mjini, na karibu na mlango palikuwa na kopo la miswaki. Tulipopita baada ya masomo alitupatia kijiti kimoja, nasi tukakigawana. Muhula ule rafu zake zilikuwa zikipungua vitambaa, nami nikadhani biashara imenoga. Kwetu kulikuwa mtaa wa Huruma, katika chumba cha kupanga, ambamo hamkuwa na kitu kilichokuwa changu peke yangu, isipokuwa, kwa hesabu zangu za kitoto, Fardosa.

Katikati ya muhula akaja Jepkoech kutoka Turbo, msichana mrefu, mpole, mwenye sweta iliyofumwa kwa mkono, akaketishwa nyuma peke yake. Nilimwonea huruma. Huruma hiyo ilikoma siku Fardosa alipomkatia kipande cha sambusa, tena upande wenye nyama nyingi, ambao kwa desturi ulikuwa wangu.

Asubuhi ya ziara, nyasi za bustani zilikuwa zimelowa umande na viatu vyetu vikalowa pamoja nazo. Mwalimu wetu wa sayansi hakutaka tutajiwe majina. Kila wanafunzi wawili walipewa mmea usio na kibao, wautambue kwa macho, vidole na pua kabla ya kumwendea kuuliza. Nilikuwa nimekwisha kusogea upande wa Fardosa alipoushika mkono wa Jepkoech. Mimi nikabaki na Kiprop, mvulana aliyekuwa na maoni juu ya kila jambo duniani.

"Ai, Cheruto, leo umekatwa?" akaniuliza kwa furaha isiyofichika. "Pole. Lakini hii yetu ni rahisi. Ni majani."

Fardosa na mwenzake walipewa kichaka kilichotolewa maeneo kame na kupandwa ndani ya banda la vioo, kilichokonda kana kwamba hakijaizoea baridi yetu. Niliwatazama kupitia kioo. Macho hayana pazia, mama alizoea kusema, na yangu siku ile hayakuwa na hata kope. Nilimwona Fardosa akiinama, akiokota kijiti kilichoachwa na mkasi wa mtunza bustani, akikimenya kwa meno na kumpa Jepkoech. Nilimwona Jepkoech akitafuna, akikunja uso kwa ukali wake, kisha akicheka huku machozi yakimlengalenga. Ukali ule niliujua. Ulimi wangu ukawaka, nami sikuwa nimeonja kitu.

Mlango wa banda ukafunguliwa.

"Cheruto, kuja!" Fardosa aliita. "Huyu hajui hii ni nini. Mwambie wewe."

"Sijui," nikasema.

"Hujui aje? Na unaitafuna kila siku pale kwetu!"

Jepkoech akasogea, kijiti mkononi. "Fardosa ameniambia wewe ndiye unajua vitu zote," akasema, kwa unyenyekevu ulionichoma kuliko dharau.

"Basi akuambie yeye."

Nikarudi kwa Kiprop na majani yake. Fardosa alikaa pale mlangoni kwa muda, ameushika wazi, hata mtunza bustani akamkemea kwamba anaingiza baridi.

Leo kazi yangu ni kutambua mimea. Huletewa tawi lililokauka, lisilo na ua wala tunda, nikalitaja jina na ukoo wake. Lakini ule tuliopewa mimi na Kiprop siujui hadi sasa, kwa kuwa sikuutazama. Macho yangu yote yalikuwa kwenye kioo, nayo huko pia hayakuona vizuri. Niliona rafiki anayenyang'anywa. Sikuona msichana ambaye nyumbani kwao mizigo ilikuwa imeanza kufungwa, aliyekuwa akitafuta mtu wa kuniachia, na aliyeamua kwamba mtu huyo ataanza kunijua kwa kile kijiti tulichozoea kugawana.

Shule zilipofunguliwa tena, Fardosa hakuwapo. Familia yake ilikuwa imehamia Isiolo. Jepkoech alikuja akasimama kando ya dawati letu, mkoba kifuani. Nikaondoa vitabu vyangu upande wa kulia, naye akakaa.