Mwimbaji Aliyetolewa

Juzi, karibu na stesheni ya Gare du Midi, niliona bango la ile bendi ya Kimarekani ya muziki wa metali aliyoipenda tonton Fidèle, mdogo wake maman. Wanabendi wote wameshazeeka, na mwimbaji sasa ni wa nne. Kichefuchefu kikanipanda palepale.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Saint-Gilles, maman alikuwa akichemsha matumbo ya ng'ombe, na harufu ya samadi ilijaa hadi sebuleni. Tonton alinisikilizisha santuri zake kwa mpangilio. Kwenye ya kwanza bendi ilinguruma kama mashine. Kwenye ya pili magitaa yalipoa, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

“Ule wa kwanza iko wapi?” nikauliza.

“Bon, walimutosha.”

Kwetu kutosha ni kutoa, hata kumtoa mnyama matumbo. Leo najua walimfukuza kwa ulevi. Lakini jalada la santuri ya pili lilionyesha sinia la nyama mbichi, yenye mafuta ya manjano na damu, nikaamini kwamba nyama ile ndiye yule mwimbaji. Nikatapika juu yake.

Tonton hakukasirika. Alilipangusa jalada kwa kiganja, polepole, kisha akanishika shavu kwa mkono uleule uliomgusa yule mtu.