Nilitangaza king'ora cha nyumbani ni kibovu, kumbe kibovu ni mimi

Wakuu, poleni na majukumu.

Ninayoandika yametokea kwetu Bugarama, Ngara, na chumvi sijatia. Ningetia, ningejipa nafasi ya mtu mwenye akili.

Niko form three, nipo likizo. Nyumbani mimi ndiye "mtu wa IT", cheo nilichopata baada ya kurudisha sauti kwenye simu ya bibi.
(Ilikuwa silent tu. Sikumwambia.)

Dada yangu Editha amejifungua mtoto wa kiume, yuko kwetu analelewa na bibi. Mumewe ana duka Nyakahura, kule Biharamulo. Duka la jirani yake likaungua kwa betri ya sola, akaingiwa hofu, akanipigia:

"Shem, tafuta ving'ora vya moto, vile smart. Mwanangu yuko humo ndani."

Nikachagua kwa kigezo kikali cha kitaalamu: kipi kina taa ya bluu. Review sikusoma hata moja.

Vikaja viwili boksi moja. Kimoja cha moshi. Kingine kina kioo kidogo cha namba, nikajua ni spea. Manual nikamtengenezea mdogo wangu ndege ya karatasi.

Setup ilikula siku nzima. WiFi hatuna, nikaviunganisha na hotspot ya simu ya dada, app nikaiweka kwangu.

Cha moshi nikakipigilia jikoni, juu ya mafiga.

Ndiyo wakuu, juu ya mafiga.

Bibi kuinjika maharage, kikalia mpaka mbuzi wakakata kamba. Nikakihamishia sebuleni, na mgongoni nina alama ya mwiko. "Spea" nikaibandika chumbani kwa dada ili ijaze ukuta.

"Hiyo sifuri ni ya nini?" dada akauliza.

"Maksi zangu za fizikia."

Sasa kwa wasiopajua kwetu: huku ni milimani, mvua ikinyesha baridi inatafuta mifupa. Mzazi na kichanga lazima wapate joto. Bibi huwasha jiko la mkaa nje, anasubiri mkaa ukolee na moshi uishe kabisa, ndipo analiingiza chumbani na kuziba dirisha kwa khanga. Hakuna moshi, hakuna hatari. Hivyo ndivyo tulivyojua wote, mtu wa IT nikiwemo.

Alasiri moja mvua inamwagika, spea ikaanza kupiga kelele.

Nikaingia. Moshi hata wa sigara hakuna. Kwenye kioo namba imepita mia.

"Dada, leo nimefaulu!"

Nikaitoa barazani, baada ya muda ikanyamaza. Nikairudisha chumbani, ikakaa kidogo, ikalia tena. Nikaitoa. Nikairudisha. Majirani wawili waliojikinga mvua barazani kwetu wanacheka, na mimi nikicheka nao nazidi kuwa mjinga. Nikatangaza rasmi: "Hii ni mbovu. Haipendi watoto wachanga."

"Nilisema mimi," bibi akadakia. "Moshi uko wapi? Kidude kinanisingizia jiko langu."

"Bibi uko sahihi kabisa." Maneno yangu hayo, wakuu.

Dada akaguna kitandani. "Wewe na makelele yako, kichwa kinanipasuka." Akataka kuinuka anipige, miguu ikakataa. Akakaa chini, akatapika.

Hata hapo nikadhani ni maharage.

Nikafungua app nitafute pa kuzima sauti. Nikakuta notification kumi na kitu, zote nilikuwa nazifuta bila kusoma maana nilikuwa nabishana mpira kwenye group. Kiingereza changu ni cha kuombea, lakini hiki kilinitosha: kuna gesi ya sumu, carbon monoxide, haionekani wala hainuki, toeni watu nje sasa hivi.

Form two tulifundishwa. Siku hiyo nilikuwa nachora mwalimu wa kemia.

"BIBI, NI MKAA! MTOE MTOTO!"

Bibi hakuuliza. Alimnyakua mtoto, mimi na majirani tukambeba dada hadi barazani, nikarudi mbio kung'oa khanga dirishani. Mtoto alikuwa mlegevu kama nguo mbichi. Tangu mchana hajalia, na sisi tulikuwa tunamsifia upole.

Bibi akampuliza usoni, akamwita, akamtekenya nyayo. Kimya. Sijawahi kutamani kelele za mtoto kama siku ile.

Akalia. Kidogo, kama paka. Halafu kwa nguvu zote.

Kituo cha afya waliwekewa oksijeni wote wawili. Nesi akatutazama: "Mlikuwa mnamlea mzazi au mnambanika?" Mtu wa IT nikawa naangalia viatu.

Wamepona. Sasa jiko halivuki mlango, dada anapashwa joto kwa chupa za maji moto na blanketi. Manual nimeisoma yote, pamoja na mikunjo ya ndege.

Na likizo yangu imegeuka kazi. Bibi akisikia pana mzazi, ananibebesha kidude tunakwenda naye. Juzi mwenyeji, mama mtu mzima kama yeye, alimkatalia: "Lakini mkaa wangu hauna moshi."

Bibi akasema, "Hata mimi nilisema hivyohivyo, na msomi wangu huyu akaniunga mkono."

Yule mama akanitazama juu hadi chini, akalibeba jiko mwenyewe akalitoa nje.

Funzo wakuu: mkaa usio na moshi unaua, na kinacholia usikiite kibovu kabla hujajua kinalilia nini.

Kwenu jiko la mkaa huwa linalala wapi wakati wa baridi? Semeni. Matusi yapangeni foleni, dada ameshatangulia.