Vitunguu Sita vya Zhangzhou

Tong Guizhi alikuwa na mkono wa miche. Hilo hata majirani wasiompenda walilikubali. Miaka ishirini na minane alitunza nyumba ya vioo ya bustani ya mtaa wao, mjini Harbin, kaskazini kabisa, na alipostaafu hakustaafu kitu. Kila asubuhi alivuka barabara amejifunika gubigubi, akafungua mlango wa vioo, akavua koti na kuanza kuwagombeza vijana walioajiriwa baada yake kwamba wanamwagilia kama watu wanaozima moto. Nje theluji inafika magotini, ndani mgomba unatoa jani jipya. Hivyo ndivyo alivyopenda dunia iwe, na mimi simlaumu.

Kwa hiyo sharti lilipokuja, Guizhi alicheka.

Lilitoka Zhangzhou, kusini kabisa, kwa Cai Lizhu, mama yake Biying. Biying na Ruifeng, mtoto wa pekee wa Guizhi, walikuwa wamependana chuoni, wakapata kazi Harbin wote wawili, na sasa walitaka kuoana na kukaa hapo hapo. Mama Cai hakuwa na neno na kijana. Neno lake lilikuwa na baridi. "Sikumzaa binti nije nimweke kwenye friji," alisema kwenye simu. Kisha akatuma vitunguu sita vya nargisi, yale maua meupe yenye kikombe cha manjano katikati, yanayooteshwa kwenye bakuli la maji na vijiwe. Kwao huvunwa kwa malori. Kila nyumba hutaka yachanue asubuhi ya mwaka mpya, si kabla, si baada. Pamoja na vitunguu ilikuja barua fupi: nakuja kula mwaka mpya kwenu. Yakichanua siku hiyo nitaamini kwamba kitu cha kusini kinaweza kuishi huko, na harusi iwe. Yasipochanua, nitarudi na mwanangu.

"Huyu mama hazimtoshi," alisema Guan Desheng, mume wa Guizhi, ambaye kwa miaka thelathini alikata barafu ya mto Songhua kwa msumeno na hakuona sababu ya kuogopa mtu. "Harusi ya watu inapimwa kwa vitunguu?"

"Wewe usiviguse tu. Jana ulishavishikia kisu, ulitaka kuvitia kwenye supu. Vina sumu, tungelazwa nyumba nzima."

"Si vinafanana na vitunguu!"

"Na wewe unafanana na mtu mwenye akili."

Shida ya nargisi huku kwetu si baridi, ni joto. Mabomba ya joto ya majengo ya zamani hayajui kiasi. Ndani watu hukaa na fulana huku nje pua inaganda, na maua yakilishwa joto namna hiyo hukimbia mbio, yakachanua wiki nzima kabla ya wakati, na siku ya mwaka mpya yameshanyauka. Guizhi aliijua dawa yake. Madirisha yao yalikuwa ya zamani, ya mbao, kioo cha ndani na kioo cha nje, na katikati nafasi ya upana wa dhiraa moja ambamo familia huhifadhi nyama na jiaozi, vile vifurushi vya unga vyenye nyama. Kila asubuhi alilitia bakuli humo, jua linapiga na baridi inayafungia maua breki. Saa kumi kamili, kabla jua halijazama, alilitoa. Wiki tatu hakukosea hata siku moja. Vichwa vya maua vilitunga, vikanenepa, vikasubiri.

Mama Cai alishuka kwenye treni siku nne kabla ya mwaka mpya, amevaa makoti matatu, anaonekana macho tu.

"Karibu, mkwe, karibu sana!" alisema Guizhi.

"Usiniite mkwe. Bado. Niite dada, inatosha."

Alipofika nyumbani hakuketi kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye bakuli, akabonyeza vichwa vya maua kimoja kimoja kwa kidole, akasema, "Mmh." Kama ile mmh ilikuwa ya sifa au ya lawama, hakuna aliyejua, na Biying alikosa usingizi kwa ajili yake.

Kesho yake Guizhi alimpeleka kwenye nyumba ya vioo. Hapo ndipo wazee wa mtaa hukaa wakati wa baridi: huyu anacheza sataranji chini ya mchikichi, yule anapiga kodiani, akina mama wanafuma na kusengenya. Mama Cai alivua koti la kwanza, la pili, la tatu. Alipouona mgomba alisimama akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wamekufunga, masikini! Umefanya kosa gani?" aliuambia mgomba. Kisha akamgeukia Guizhi. "Huu unazaa?"

"Mwaka juzi ulizaa vidole saba vya ndizi."

"Vidole saba!"

"Tulikula watu arobaini. Kila mtu alionja."

Mama Cai aliacha kucheka. Aliutazama mgomba upya, akaushika shina.

Kutoka hapo walikwenda kwenye bustani ya taa za barafu. Guizhi alikusudia wakae nusu saa tu, mgeni aone minara na samaki wa barafu wenye taa tumboni, waonje matunda ya sukari yaliyotungwa vijitini, warudi. Lakini palikuwa na mtelezo. Mtelezo wenyewe mrefu, wa barafu tupu, na watu wazima wanashuka wameketi kwenye vipande vya zulia wakipiga kelele kama wanachinjwa.

"Mimi hapo sipandi ng'o," alisema Mama Cai.

"Basi tuangalie tu, dada."

Wakaangalia. Bibi kizee wa miaka themanini akashuka, akainuka, akajikung'uta, akarudi kwenye foleni.

"Yule ana umri gani?" aliuliza Mama Cai.

"Yule? Ni jirani yangu. Themanini na mbili."

"Lete hilo zulia."

Alishuka mara ya kwanza akimwita marehemu mama yake. Mara ya pili alimwita tena, ila kwa kicheko. Mara ya tatu alimlazimisha Guizhi akae mbele, yeye amkumbatie kiuno kwa nyuma, na wote wawili wakaishia chini chali, kofia huku, viatu huku, wakashindwa kuinuka kwa kucheka. Walishuka mara tisa. Guizhi hakuwa amecheka vile tangu ujana wake. Taa za barafu zilipowaka nyekundu na kijani ndipo alipotazama juu na kuona kwamba mbingu imekuwa nyeusi.

Akalikumbuka bakuli. Saa kumi na moja na nusu.

Walirudi mbio. Kipimajoto cha mlangoni kilionyesha digrii ishirini na nane chini ya sifuri. Desheng alikuwa mtoni na wenzake, Ruifeng na Biying kazini. Nyumbani hapakuwa na mtu. Mama Cai aliingia chumbani kuloweka miguu kwenye maji moto, anaimba. Guizhi alifungua dirisha. Maji ya bakuli yalikuwa barafu. Majani yalikuwa magumu, yanang'aa, na alipoligusa moja likalia kama kioo.

Miaka ishirini na minane. Mtu aliyefundisha nusu ya watunza bustani wa mji. Guizhi alilia pale pale jikoni, ameuma kitambaa ili asisikike, kisha akafanya kile ambacho angemfukuza kazi kijana yeyote kwa kukifanya: alinyanyua birika la maji ya moto.

Mkono wa Desheng ukamdaka. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia, theluji ingali kwenye nyusi.

"Unataka kuyapika?"

"Yameganda, mzee. Nimeyaua. Nimeyaua na mtoto hataoa."

"Tulia. Peasi likiganda unalifanyaje?"

Guizhi akaliweka birika chini. Mapeasi yaliyoganda, meusi kama mawe, kila nyumba huku inayo wakati wa mwaka mpya, na hakuna mtoto asiyejua: ukilipasha moto linaharibika. Unalitumbukiza kwenye maji baridi na kuliacha. Barafu inatoka ndani kidogo kidogo, inajenga gamba nje, na ndani peasi linalainika.

"Haya si mapeasi," alisema Guizhi.

"Mimi maua siyajui. Barafu naijua."

Akachukua ndoo yenye mapeasi yaliyokuwa yakiyeyushwa, akalitumbukiza bakuli zima taratibu. Wakaiweka ndoo kwenye kona ya baridi nyuma ya mlango, wakaifunika, wakakubaliana wasimwambie mtu. Kukubaliana kwao hakukufika mbali. Asubuhi Mama Cai, ambaye jioni ile alikuwa ameonja peasi la barafu na kulipenda kupita kiasi, aliamka wa kwanza, akainamia ndoo, akatia mkono kutafuta jingine, na akaibuka na kitunguu chake mwenyewe cha Zhangzhou.

Nyumba nzima ilimkuta amesimama hivyo, maji yanachuruzika kiwikoni.

Guizhi hakutafuta maneno. "Nilisahau," alisema. "Nilikuwa nateleza na wewe nikasahau. Yameganda. Kosa ni langu, si la hawa watoto."

"Mama..." alianza Biying.

"Nyamaza. Ahadi ni ahadi." Mama Cai alikirudisha kitunguu ndani ya maji, polepole, akaenda kuvaa.

Zilizofuata zilikuwa siku za kujikaza kisabuni. Vitunguu vitano vililainika, vikawa vya rangi ya maji, vikanuka, Guizhi akavitoa. Cha sita, kile kilichokuwa katikati kimekingwa na wenzake, kilibaki kigumu. Majani yake yalilegea upande mmoja lakini kichwa kimoja cha maua kilisimama. Guizhi alikihamisha kutoka nyuma ya mlango hadi ukumbini, kutoka ukumbini hadi sebuleni, hatua chache kila siku kuelekea kwenye joto, anakibadilishia maji, anakisemesha. Biying alikuwa akikata kitunguu na nyama ya jiaozi huku machozi yanamdondoka, na Ruifeng anamwambia ni kitunguu, na wote wanajua kwamba si kitunguu.

Asubuhi ya mwaka mpya fataki zililia mtaa mzima. Wote watano walisimama mbele ya bakuli na nguo zao mpya. Kichwa kilikuwa kimefumba.

"Basi," alisema Mama Cai. Alikula jiaozi zake, akasifu, akawapa watoto bahasha nyekundu za pesa ya mwaka mpya. Halafu akasema, "Twende tukauone ule mgomba."

Siku ile nyumba ya vioo ilijaa. Mzee wa kodiani alipiga, watu wakacheza dansi kati ya vyungu. Guizhi alikaa kwenye benchi lake la siku zote, na kwa mara ya kwanza mahali pale hapakumpa raha. Mama Cai alikuwa akiuzunguka mgomba.

"Nani anaupunguza huu?"

"Mimi."

"Unauonea huruma mno. Una machipukizi matatu, yanamnyonya mama yao. Bakiza moja. Kwetu hata mtoto anajua."

Guizhi akatoa kisu mfukoni, akampa. Hakuna mtu aliyewahi kupewa kisu kile mkononi. Mama Cai alikunja mikono ya sweta, akapiga magoti kwenye udongo, akafanya kazi. Guizhi naye akapiga magoti, akashika majani yasimkwaruze. Walichafuka wote wawili, na nguo zenyewe za mwaka mpya.

"Ule usiku," alisema Mama Cai bila kuinua kichwa, "nilikusikia ukilia jikoni. Nilidhani umepata msiba."

"Nilikuwa nimepata."

Mama Cai akaendelea kukata.

Siku ya pili sanduku lilikuwa mlangoni, na la Biying kando yake. Teksi ilikuwa imeitwa. Mama Cai, makoti matatu mwilini, alikwenda kuliaga bakuli, akainama, akavaa miwani, akainama tena. Ngozi nyembamba ya kile kichwa ilikuwa imepasuka ubavuni, mpasuko wa unene wa uzi.

Alivua koti la kwanza.

"Mama, treni," alisema Biying.

"Treni ziko kila siku." Alivua la pili. "Ua siliachi njiani. Ruifeng, kamwambie wa teksi aende. Na usisimame hapo unanikodolea macho."

Siku nzima aliketi mbele ya bakuli na bakuli la mapeasi mapajani, na hakuruhusu mtu apitishe upepo. Guizhi aliketi naye. Usiku ulipoingia walikwenda kulala wakiwa roho juu.

Guizhi aliamshwa na harufu. Ilikuwa imeenea mpaka ukumbini, tamu, nzito, na alitoka mbio bila viatu. Maua manne kwenye bua moja, meupe, vikombe vyake vya manjano wazi. Mama Cai alikuwa ameshafika. Alikuwa kwenye simu na kaka yake Zhangzhou, sauti juu kama kawaida ya watu wa mbali.

"Ndiyo, yamechanua! ... Sharti lilikuwa mwaka mpya, ndiyo, nakumbuka, mimi ndiye niliyelitoa! ... Wewe huwajui hawa. Huku kila kitu huganda kwanza ndipo kifike." Akamwona Guizhi mlangoni, miguu mitupu, mikono mdomoni. Akaishusha simu.

"Mwaka mpya ni leo, mkwe," alisema. "Njoo uone."