Boneti ya Moto, Gari Halijatembea

Wale mliosoma nilichoandika hapa mwezi uliopita, leo nawaomba msome hadi mwisho.

Pikapu yangu ya dizeli ilikuwa bandani tangu saa tatu asubuhi. Saa tisa alasiri nikagusa boneti. Ya moto.

Gari limelala masaa sita, lakini lina joto kama limetoka kupanda mlima. Nikazungusha ufunguo. Batri kimya.

Nikajisemea, kuna mtu analitumia gari hili.

Kazi yangu mnaijua. Alfajiri napokea sambaza, dagaa za kisiwa cha Nkombo, hapa Kamembe, nazishusha Bugarama, narudi. Gari likigoma, samaki wanaoza.

Na asubuhi za baridi lilikuwa linagoma kweli. Fundi wangu, Mzee Kamali, aliniambia mfumo wa buji umekufa, vile vijiti vinne vinavyopasha injini moto kabla ya kuwasha. Dawa yake: waya nene, rele kubwa ya kupitisha umeme, na kitufe cha kubonyeza.

Nikaona Mzee anataka kunila pesa tu. Nikatazama video mbili, nikanunua vitu nilivyopata, nikafunga mwenyewe. Likawaka vizuri, nikajiona mhandisi.

Sasa nani anaiba gari langu mchana?

Mchana nyumbani anabaki Akilimali, kaka wa mke wangu Nasiba. Ni fundi cherehani kutoka Bukavu, anashonea barazani kwetu. Ufunguo wa akiba unaning'inia sebuleni, na daraja la Rusizi II, la kuvukia kwenda Kongo, haliko mbali.

Basi, anapeleka mizigo ya watu mpakani na gari langu.

Nikachora mstari wa chaki kutoka kwenye tairi hadi chini. Jioni nikaukuta vile vile.

Mwingine angetulia. Mimi nikasema, kumbe ni mjanja kiasi hiki, anafuta na kuchora upya.

Siku moja tukiwa tunakula akaniambia, "Shemeji, moteri ya gari yako inanuka sawa plastiki yenye inaungua."

"We uko fundi ya cherehani," nikamjibu. "Shona."

Akarudi kwenye sahani yake. Nikajua nimemshika pabaya.

Kuanzia hapo batri haikufa tena. Nikasema, mwizi ameogopa.

Alhamisi nilienda sokoni kwa miguu, nikarudi mapema. Nikamkuta anafunga boneti, mikono myeusi.

"Shemeji, nilikuwa na..."

Sikumwacha amalize. Nilimwita mwizi majirani wote wakisikia. Akatoka na cherehani yake kichwani, nikampiga picha, nikaiweka hapa. Mlinipongeza sana.

Nasiba aliniuliza neno moja tu. "Ulimuuliza?"

Kisha hakunisemesha tena.

Kesho yake, gari likiwa bandani, moshi ukatoka chini ya boneti. Nikakimbilia mchanga, nikauzima moto. Moyoni nasema, ameacha kitu ndani ili alipize. Nikamleta Mzee Kamali anitafutie ushahidi.

Waya zilikuwa zimeyeyuka. Mzee akachomoa rele, akaipasua kwa bisibisi.

"Nani alifunga hii?"

"Ni miye."

"Hii ni ya mataa, Papa Zulaikha. Buji ine zinakula moto mingi ya batri. Chuma zake zimeungana ndani. Unaachia kitufe, yenyewe inaendelea kupasha mpaka batri inakufa."

Nikakaa chini. Kumbe mwizi niliyemtafuta nilimfunga kwa mikono yangu mwenyewe.

Kando ya batri akaokota kipande cha kitenge cha bluu.

"Kuna muntu alikuwa anatosha waya ya batri kila siku, anaichomoa na kuifunga na hii kitambara isiguse chuma, anairudisha mbele ya wewe kuwasha. Bila yeye, hii banda ingeisha kuungua."

Kitenge kile nilikijua. Kilitoka kwenye gauni ambalo Akilimali alimshonea Nasiba.

Nikavuka daraja kwa miguu. Nilimkuta Akilimali mtaa wa Kadutu, Bukavu, anashona. Aibu ilinibana hadi machozi yakanitoka. Akanipa kiti na chai.

"Nilikuambiaka, shemeji," akasema. "Nikaona hautaki kusikia, nikaanza kuitosha ile waya ya batri miye mwenyewe. Ile banda inagusana na chumba ya mutoto."

Chumba cha Zulaikha, binti yangu. Hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja.

"Nisamehe. Turudi nyumbani."

Akaendelea kukanyaga cherehani.

"Musamaha unaniomba hapa, tuko babili. Mwizi uliniita mbele ya bantu bote. Bale bote bajue kwanza."

Majirani nimeshawaita, nimewaambia. Mmebaki ninyi.

Yule mtu mwenye cherehani kichwani, ambaye picha yake mliisambaza, si mwizi. Anaitwa Akilimali. Alilinda nyumba yangu wakati mimi nachora chaki kwenye tairi.

Ukimshuku mtu, muulize. Ukishamuuliza, mwache amalize kujibu.

Isambazeni na hii kama mlivyoisambaza ile. Nasiba amekaa hapa kando yangu, anaisoma kabla sijaituma.