Baraza ya Mbao Mteremkoni

Mama alipovunjika nyonga alirudi kutoka hospitali akiwa hai, lakini kutoka nje kukamshinda. Nyumba yetu ya Kengeja imekaa ukingoni mwa mteremko. Ukivuka tu mlango wa uani, ardhi inakimbilia migombani, na mvua ikinyesha hata kuku hutembea kwa tahadhari. Mama akawa mtu wa kitanda na dirisha. Ulipofika msimu wa karafuu, wanawake walizichambua makonyo, vile vijiti vyake, kwenye baraza za wengine, naye akabaki kusikiliza vicheko vyao kwa mbali.

Siku moja akaniambia, "Mie nshakuwa mgeni kwangu."

Niliingia jikoni nikalia kwa hasira, kisha nikaapa kwamba msimu ujao karafuu zitachambuliwa kwetu, na mama atakuwa katikati.

Nikaamua kujenga baraza ya mbao juu ya mteremko, iwe sawa na sakafu ya nyumba, mama avuke mlango bila kupanda wala kushuka. Kaka yangu, ambaye ni seremala, akacheka.

"Hilo dungu la shambani hilo. Unataka kuamia ndege wasile mpunga?"

Nikamwambia alete msumeno, maneno ayaache.

Pamoja na mafundi wenzake tulisimamisha nguzo za mvinje, tukazishindilia kwa mawe na saruji, juu tukatandika mbao za mfenesi. Pimamaji nilishika mwenyewe, na sikukubali baraza ilalie upande hata kidogo. Mlangoni iligusa ardhi, lakini upande wa migombani ilinyanyuka kupita kimo cha mtu. Nilijiona mhandisi hasa, mimi mwalimu wa shule. Kila aliyepita njiani nilimwita aje kuona.

Siku ya kumtoa mama nilimvalisha kanga mpya. Akatembea polepole na fimbo yake mpaka mwisho wa mbao, akatizama chini. Papo hapo akageuka.

"Nirudishe ndani."

Nilidhani nyonga imemuuma. Nikasogea pale aliposimama, nikaona alichokiona: ua mzima wa jirani yetu, ndani ya uzio wake wa makuti, na jirani mwenyewe kichwa wazi, kanga moja kifuani, anaosha nywele. Siku zote za ujenzi alikuwa amejifungia ndani kwa sababu ya mafundi, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye pimamaji. Kumbe nilikuwa nawajengea watu mahali pa kuchungulia uani kwa mwenzao! Nilitamani mbao zinimeze.

Nilikwenda kumtaka radhi. Jirani hakulalamika hata kidogo. "Hapana neno, Mwalimu," alisema. "Mie ntajifunika."

Mama aliposikia ndipo alipowaka. "Ajifunike uani kwake? Basi mie pale sikai. Bora kitanda changu."

Kaka akashauri tuzungushie baraza makuti marefu. Nikakataa. Nimtoe mama chumbani nikamtie ndani ya tenga? Karafuu zilikuwa zimeshaanza kukomaa, na hasira zangu nikazimalizia kwenye misumari. Tuling'oa mbao zote, tukaisogeza baraza mbali na ukuta wa nyumba, tukakata nguzo mpaka ikawa chini kabisa ya uzio wa jirani. Kutoka mlangoni tukatengeneza njia ya mbao yenye mshuko mdogo, ina mahali pa kushika kulia na kushoto. Ilipokwisha nilisimama kila pembe, nikajinyoosha kwa ncha za vidole. Niliona makuti matupu.

Karafuu za kwanza zilipochumwa, wa mwanzo kufika alikuwa jirani, pakacha kichwani. Wengine wakafuata, majamvi yakatandikwa, na mama akashuka kwa miguu yake, akakaa kitako katikati yao. Nilimwangalia nikajaa furaha.

Tangu aanguke, mama alikuwa akisema nami kama mgonjwa anavyosema na muuguzi: ahsante, samahani, nisaidie. Mchana ule alichota karafuu nilizochambua, akazitawanya kiganjani, akanikazia macho mbele ya wanawake wote.

"Huku ndiko kuchambua? Makonyo yote umeyaacha! Hebu rudia, mvivu we!"

Wanawake wakaangua kicheko. Nami nilicheka nao, machozi yakinitoka, nikazimwaga karafuu zangu zote jamvini nikaanza upya.