Sindano ya Kofuli

Haya yanayofuata hakuna atakayeyaamini, na mjomba anayeyaandika hamlaumu mtu. Yeye mwenyewe alikuwepo, kiti cha mbele kabisa, na bado kuna siku hujiuliza kama kweli alimwona mwenyekiti wa klabu ya shabaha, mtu mzima mwenye maduka matatu ya matairi, akinyang'anywa bunduki kwa simu ambayo haikulia. Lakini tukianzia kwenye simu tutamwacha mwenye hadithi nyuma, na huyo si mtu wa kuachwa nyuma. Funguo anazo yeye.

Wanachama walimwita Kofuli. Hakulipenda jina lenyewe ila aliliitikia, kwa sababu mwanamke anayetembea na funguo kumi na nne kiunoni atajitetea vipi? Ni mtoto wa dada yake mjomba, na mjomba ndiye aliyemfundisha kila kitu anachokijua, ukiondoa kazi, subira na kusema kweli. Hayo aliyapata kwa mama yake, kwenye kibanda cha ushonaji, ambako alipinda mapindo ya suruali za watu kwa miaka tisa kabla hajaolewa na fundi seremala. Seremala ndiye aliyekuwa akitengeneza fremu za shabaha pale klabuni, zile za mbao ambazo karatasi ya duara hubandikwa juu yake. Mtunza ghala wa zamani alipostaafu, seremala alisema mke wangu ni mtu wa kuhesabu vitu. Basi akapewa ghala.

Ghala lenyewe ni chumba kimoja chenye dirisha la nondo, kabati la chuma, meza, daftari, na harufu ya mafuta ya bunduki ambayo hata kanga zake zilikuja kuizoea. Bunduki ni zile ndogo za shabaha, kumi na mbili, kila moja na namba yake. Mwanachama anakuja dirishani, anatia sahihi, anapewa bunduki na risasi zake, anakwenda kulala kwenye mkeka wake pale mstarini, anapiga mita hamsini, anarudisha. Kazi nyepesi kabisa, kama si wanachama.

Ukutani palikuwa na kibao kimesema mlevi haruhusiwi kupiga. Tatizo ni kwamba katika miaka yote aliyokaa pale, Kofuli hakuwahi kukutana na mlevi hata mmoja. Alikutana na waliokunywa moja tu. Alikutana na waliokunywa jana, ikawabakia. Daktari wa meno alimweleza kwa kirefu kwamba bia si pombe, ni shayiri. Mwalimu mkuu mstaafu alisema glasi moja inatuliza mkono, na akamtaka amletee kitabu kinachokataa. Kila Jumamosi maneno yaleyale, dirisha lilelile, pumzi zilezile zikipita kwenye nondo, mpaka akawa anaota anabishana. Alimwambia mumewe afadhali kupinda suruali, maana suruali ikikosea urefu hainyanyui kidole kukueleza ina uzoefu wa miaka ishirini.

Siku moja uvumilivu ulimwisha. Mtu alikuwa mbele yake anaapa kwa watoto wake kwamba ni mzima kabisa. Kofuli alisogeza daftari pembeni. Alichomoa sindano kwenye ukosi wa gauni, mahali ambapo mshoni huichomeka bila kufikiri, akakata uzi mweusi wa shubiri moja, akamsukumia vyote dirishani. Tunga, akamwambia. Mara tatu. Ukitunga, nakupa bunduki.

Yule bwana alilamba uzi, akaukunja, akafumba jicho moja, akafumba la pili, mwisho akasema sindano ni mbovu. Kofuli akaitunga huku anamtazama usoni.

Tangu hapo ikawa ndiyo sheria. Kwa wenye macho ya uzee aliweka miwani miwili mezani, asije mtu akasema ameonewa. Walinung'unika, wakacheka, wakazoea. Mjomba naye alijaribu, na kuhusu matokeo yake inatosha kusema kwamba uzi wa siku ile ulikuwa mnene mno. Miaka minne sindano ilimpumzisha Kofuli. Alikuwa habishani tena, anaisukuma tu. Na alijivuna nayo, msione alivyo mkimya. Alisema sindano haina rafiki wala mwenyekiti.

Hapo ndipo mwenyekiti alipojenga kaunta.

Aliijenga barazani, hatua nane nyuma ya mstari wa kupigia, mbao nzuri zilizopakwa vanishi, na friji mbili chini yake. Alisema watu wanangoja zamu zao midomo mikavu, klabu nzima inanuka kama ofisi ya kodi. Kofuli akamwambia chupa zikae nje ya uwanja, na mtu anywe akisharudisha bunduki. Mwenyekiti akacheka kile kicheko chake cha kuuzia matairi. Nani kasema watu watalewa? Si una sindano yako? Basi iamue yenyewe. Na palepale, mbele ya kamati, akatamka kwamba siku ya kugombea kombe, mwanachama yeyote atakayetunga sindano apewe bunduki, na mtunza ghala akimkatalia, aweke funguo mezani aende zake.

Kofuli alirudi nyumbani amevimba. Hasira yenyewe haikujua pa kukaa, kwa sababu jamaa alikuwa amemfunga kwa kamba yake mwenyewe. Seremala alikuwa uani anapiga randa. Alimsikiliza mpaka mwisho, akapuliza takataka za mbao, akamkumbusha kitu kimoja: fremu ikilegea katikati ya mashindano, anayekwenda kule mbele kuigongea misumari ni yeye, na mgongo wake ndio unaowatazama watu kumi na wawili wenye bunduki.

"Wewe unawaangalia mikono," alisema. "Mimi nikiwa kule, mikono yao hainisaidii kitu. Nataka waione bendera nyekundu ikipanda."

Kofuli alimjibu vibaya. Alisema sindano haijawahi kumdanganya miaka minne, na kama ana wazo bora alete, vinginevyo aendelee na mbao zake. Wakala chakula cha jioni kama watu wawili wanaongoja basi.

Siku ya kombe jua lilikuwa kali na upepo wa kusumbua. Kufika saa nne asubuhi kaunta ilikwisha kukaliwa. Mjomba alikuwepo kama mtazamaji, jambo linalomruhusu kuwa na glasi, na kwa hiyo anaweza kutoa ushahidi kwamba mwenyekiti alikunywa moja, na nyingine ambayo mwenyekiti hakuihesabu kwa sababu ilikuwa ya mgeni aliyeshindwa kuimaliza. Kisha akaenda dirishani huku nusu ya klabu ikimfuata nyuma kuona.

Kofuli alimnusa kabla hajafika. Alimsukumia sindano. Mwenyekiti aliishika kama mtu anayeshika kalamu, akanyoosha mkono, akapitisha uzi mara ya kwanza. Mara ya kwanza! Hakulamba hata uzi. Barazani wakapiga makofi, daktari wa meno akapiga meza, na mwenyekiti akairudisha sindano imetungwa, akainama kidogo kama bwana harusi.

Angefanya nini? Sindano ni yake, sheria ni yake, na funguo zilikuwa zinangoja kuwekwa mezani. Alimpa bunduki namba nne na risasi zake. Mwandiko wake katika daftari la siku ile mjomba ameuona: kalamu ilitoboa karatasi.

Mzunguko wa kwanza mwenyekiti alipiga vizuri, na hilo lazima lisemwe. Mzunguko wa pili haujafika nusu, upepo ukalegeza fremu ya njia ya sita, ikabaki inaning'inia upande. Kofuli akagonga kengele, akapandisha bendera nyekundu. Pale klabuni maana yake hata paka wa jikoni anaijua: toa risasi, acha bunduki wazi mkekani, simama, rudi nyuma, kuna mtu anakwenda mbele. Wote waliokuwa mikekani wakafanya hivyo. Seremala akapita kwenye lango la pembeni, nyundo mkononi, misumari mitatu mdomoni, akaenda zake mpaka kule kwenye tuta la udongo linalozuia risasi.

Lakini kengele ilipolia mwenyekiti hakuwa kwenye mkeka wake. Alikuwa ameacha bunduki, amekwenda kaunta mara moja tu kulainisha koo na kusimulia mara ya tatu jinsi alivyotunga sindano. Simulizi ilipokwisha alirudi kwenye mkeka anacheka peke yake. Akashangaa kidogo kuona wenzake wamesimama. Akaona labda wamechoka. Akalala, akachukua risasi, akaitia, akafunga, akaegemeza shavu.

Wa kwanza kuona alikuwa mjomba. Hilo asilaumiwe nalo, kwa sababu alikuwa na kinywaji mdomoni, na mpaka akimeze, na mpaka aamue kama ule ni utani wa mwenyekiti au vipi, Kofuli alikuwa amekwisha kutoka ghalani.

Hakupiga kelele. Mtu mwenye bunduki iliyojaa humshtui, kwa sababu atageuka, na bunduki itageuka naye. Alikuwa ameizunguka meza ya ghalani, akaenda mpaka kwenye mkeka, akachuchumaa karibu na sikio lake, akasema kwa sauti ileile anayoitumia kuuliza namba ya uanachama:

"Mwenyekiti, simu yako inaita. Mtu wa matairi ya lori."

Yule bwana alilaza bunduki kama mtu anayeweka sahani, akaanza kujipapasa mifuko. Matairi ya lori si ya kungoja. Alipapasa kushoto, akapapasa kulia, akapapasa mpaka mfuko wa shati, na alipoinua kichwa kusema simu iko kimya, Kofuli alikuwa amesimama, bunduki iko wazi, na risasi iko kwenye kiganja chake. Kitu kidogo tu, kama punje ya maharage.

"Bendera iko wapi?" akamuuliza.

Mwenyekiti akatazama kushoto. Bendera ilikuwa kulia, inapigapiga upepo karibu na kichwa chake.

Akasema ilikuwa imeshuka. Kisha akasema aliiona, ila alidhani ni ya zamani. Barazani hakuna aliyecheka. Walichokuwa wanakisikia wote ni nyundo. Kule mita hamsini seremala alikuwa ameupa uwanja mgongo, hana habari, anagonga msumari wa pili.

Kofuli alikwenda kaunta, akaziweka funguo juu ya vanishi, katikati ya glasi. Hakuwa na sauti ya ushujaa wowote, mnisamehe. Alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka kueleza.

"Sindano ametunga vizuri, wote mmeona. Kosa ni langu, nilidhani pombe inaanzia mkononi. Funguo hizi hapa. Anayezitaka achukue, ila kwanza amtume mume wake kule."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mwalimu mkuu mstaafu alitazama glasi yake kama imemtukana. Seremala akarudi anajifuta jasho, akaona watu wamekauka kama sanamu, akauliza nani amechukua penseli yake. Ilikuwa sikioni mwake.

Basi mwenyekiti, ambaye mjomba amemsema sana na atamsema tena, alifanya jambo moja zuri mwaka ule. Alizichukua funguo, na kila mtu akajua anachotaka kufanya, na hakukifanya. Alimrudishia Kofuli kwa mikono miwili, akasema kombe halitagombewa leo, akaenda kukaa ndani ya gari lake, mlango wazi, muda mrefu, mpaka mkewe alipokuja kumwendesha.

Wiki iliyofuata kaunta ilihamia ng'ambo ya geti. Yaani friji zilihama. Mbao zake seremala alizing'oa mwenyewe, na kwa kuwa si mtu wa kutupa mbao nzuri, akazifanya fremu. Leo ukiwakuta wanachama wamelala mstarini wanapiga, ujue wanaipiga kaunta. Sheria nayo ni fupi: aliyekunywa leo hapigi leo, iwe moja au kumi, iwe shayiri au maji ya kanisani. Bunduki zinarudi, zinahesabiwa, kabati linafungwa, ndipo geti linavukwa. Wanabisha bado. Juzi daktari wa meno alimweleza Kofuli kwamba dawa ya kikohozi isihesabiwe. Alimwacha amalize, kisha akafunga dirisha. Sindano imerudi kwenye ukosi, kazi yake ni vifungo.

Wageni wakijiunga, mjomba ndiye anayewasimulia kisa hiki kwenye benchi nje ya ghala, kwa sababu mwenyekiti akikisimulia yeye, bendera inakuwa imeshuka. Mjomba haongezi kitu. Anawaambia tu ilivyokuwa: kwamba kidole cha mwenyekiti kilikwisha kukaza, kwamba msumari wa tatu ulidondoka mdomoni mwa seremala kwa hofu, na kwamba Kofuli alitoka ghalani kwa kuruka meza mbili, kanga mkononi, akamruka na mwalimu mkuu mstaafu, akatua juu ya mkeka kama—

"Mjomba," ikasema sauti nyuma ya nondo. "Meza ni moja. Na niliizunguka."

Sawa, aliizunguka. Lakini wageni wangu, aliizunguka kwa mwendo ambao hata upepo wa siku ile ulikuwa bado—

"Nilitembea, mjomba. Ukiwaambia niliruka, kila mmoja atakunywa akingoja mtu wa kuruka kumwokoa. Na hiyo glasi uliyoificha chini ya benchi ilitakiwa ibaki ng'ambo ya—"