Kikohozi cha Mwalimu wa Bendi

Kwa habari ya ridi, Paulinus Mulama hakuwa mtu wa kubishana naye. Ridi ni kile kibamba chembamba cha mwanzi kinachofungwa kwenye mdomo wa klarineti. Ndicho kinachotetemeka ukipuliza, na kikiwa kibovu, hata uwe na kifua cha fahali utatoa sauti ya bata aliyekanyagwa. Paketi moja ilikuwa na ridi kumi, na Mulama aliziagiza Kampala kwa mkono wa dereva mmoja wa basi. Katika hizo kumi, alikuwa akisema, tatu ni za konsati, nne ni za mazoezi, na tatu ni za kuwashia jiko. Umwambie ridi zote ni sawa mradi zimetoka kiwanda kimoja, weee! Angekubishia mpaka chai ipoe.

Alikuwa Mkhayo, Mluhya wa Mundika. Miaka thelathini alipiga klarineti katika bendi ya askari, na alipostaafu, shule moja ya sekondari kule Malaba ikamwita afundishe bendi. Watoto ishirini na wawili aliwakuta na vyombo vya msaada ambavyo hakuna aliyejua kuvishika. Miaka mitatu baadaye walikuwa wakialikwa makanisani. Mzee alikuwa mkali, lakini watoto walimpenda, maana hakumcheka mtu.

Yeye mwenyewe alimpenda zaidi Ajiko, binti wa kidato cha tatu kutoka Moding. Huyo alikuwa na sikio la muziki. Kila ridi mpya zilipofika, walikaa wawili kwenye benchi, goti kwa goti. Ajiko ainue ridi kwenye mwanga, aangalie kama nyuzi zake zimenyooka. Ailoweshe kidogo, aifunge, apige noti moja ya chini, polepole. Mulama ainamishe kichwa karibu kabisa na klarineti, afumbe macho, asikilize.

"Hii?"

"Inakwaruza, mwalimu."

"Wapi?"

"Upande wa kushoto. Ngoja nipitishe msasa."

Mzee acheke, aseme, huyu siku moja atanifukuza kazi.

Sasa, kusikiliza namna hiyo kunataka kimya, na Malaba kimya utakitoa wapi? Foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda ilifika mpaka mlangoni pa shule. Honi, injini, makanga wakitukanana kwa lugha nne. Chumba cha bendi kilikuwa stoo ya zamani iliyopakana na barabara, yenye madirisha mawili tu. Basi Mulama akayafunga yote mawili, akaziba nyufa kwa magazeti. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na nasema mapema nisije nikaonekana namficha. Laiti angeyaacha wazi, malori yapige kelele yanavyotaka!

Maana mwezi wa tano alianza kukohoa.

"Baba Wabwire," mkewe Nasambu akamwambia, "hicho kikohozi kinaingia wiki ya tatu. Nenda hospitali."

"Ni vumbi la malori."

"Vumbi linakutoa jasho mpaka shuka naanika kila asubuhi? Mficha maradhi kilio humfichua."

"Nitaenda konsati ikiisha. Nimesema."

Konsati ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Julai, katika ukumbi wa kanisa kule Busia mjini. Na tusimtetee: alijua. Kaka yake mkubwa alikufa kwa kifua kikuu, na yeye ndiye aliyemuuguza. Alijua kukonda kule, alijua jasho lile. Lakini alijua pia kwamba akienda kupimwa ataambiwa akae nyumbani, na bila yeye hakuna wa kuwaandaa watoto. Aliogopa konsati kuliko alivyoogopa kifo. Kifo chake mwenyewe, ndicho alichokuwa anakifikiria. Mjinga! Kana kwamba mle chumbani alikuwa anakohoa peke yake.

Wiki nane walifungiana mle kila jioni. Akishikwa na kikohozi anageukia ukutani, anafuta mdomo kwa leso, anarudi kwenye benchi kusikiliza ridi.

Konsati ilifana, hilo siwezi kulikataa. Ajiko alipiga peke yake sehemu ya katikati ya wimbo wa Kiteso wa kumlaki mgeni, ambao Mulama aliupangia bendi kwa mkono wake. Mwishoni palikuwa na noti moja ndefu. Binti akaishika, akaishika, watu wakaanza kutazamana, bado ameishika. Alipoiachia, ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Mama yake, Amongin, aliyekuja na gauni jipya, alisimama juu ya kiti akipiga kelele, "Wangu huyo! Wangu!" Mulama hakuvifurahia vigelegele hivyo. Alikuwa nyuma ya ukumbi ameinama, na leso ilikuwa nyekundu.

Jumatatu alienda kupimwa. Kifua kikuu. Nesi akamuuliza anakaa na nani, anafanya kazi na nani, madirisha yanafunguliwa au la. Mulama alipojibu lile la madirisha, nesi aliweka kalamu chini, akamwambia alete majina ya watoto wote.

Watoto wote wa bendi walipimwa. Ishirini na mmoja walikuwa salama. Mmoja hakuwa salama, na huyo alikuwa Ajiko.

Wote wawili walimeza dawa miezi sita. Mzee alipona, akanenepa, akarudi kulima. Ajiko naye alipona, kwa maana ya kwamba hakufa. Pafu la kushoto lilikuwa limeliwa vibaya, limebaki na makovu. Daktari alimwambia mama yake atasoma, ataolewa, atazaa, lakini mambo ya kupuliza klarineti asahau.

Kule hospitali hakuna aliyemtajia Amongin jina la mtu. Yeye alijua tu kwamba mwalimu naye aliugua, akamhurumia, akadhani wote wawili wameambukizwa na mtu mwingine. Akamtumia salamu: mwalimu akipata nguvu aje Moding, wamshukuru kwa yote aliyomfanyia binti. Salamu hizo zilimnyima Mulama usingizi. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata alienda.

"Yoga, mwalimu!" mama alimsalimu kwa Kiteso. "Karibu, karibu ndani." Amongin alikuwa amechinja kuku, na Ajiko alikuwa ameketi mezani. Akaleta ugali wa wimbi na muhogo, akanawisha mgeni mikono, akamwekea firigisi, heshima ya mgeni mkubwa.

"Mama Ajiko," Mulama akasema, "sitakula kabla sijasema. Ugonjwa wa mtoto ulitoka kwangu."

"Ni mambo ya Mungu, mwalimu. Nani anajua?"

"Mimi najua. Nilikohoa tangu mwezi wa tano. Nilijua ni nini. Nikanyamaza ili tufanye konsati."

Amongin alikuwa bado ameshika birika la maji. "Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na ukamfungia mtoto wangu humo ndani?"

"Ndiyo."

Mama aliweka birika chini, akatoka, akaenda jikoni kwake nje. Wakamsikia akilia huko, na hakurudi.

Ajiko alibaki ameketi ng'ambo ya meza. Alikuwa amekonda, na sentensi moja aliisema kwa vipande, akitafuta pumzi katikati.

"Mwalimu, mimi nilianza kukohoa mwezi wa sita."

Mulama akainua kichwa. "Mwezi wa sita? Ajiko, mwezi wa sita? Daktari alisema tungewahi mwezi huo, pafu lingepona. Mbona hukusema, mwanangu?"

"Unakumbuka yule mama wa afya alikuja chumba cha bendi? Akauliza, kuna mtu anakohoa hapa?" Binti akapumzika kidogo. "Nilitaka kuinua mkono. Nikakuangalia kwanza. Ukaficha leso mfukoni, ukasema, hapa wote wazima. Basi na mimi nikajua ndivyo inavyofanywa."

Mulama alilia pale pale mezani, mzee wa miaka sitini na tatu, na Ajiko akakaa naye mpaka akanyamaza.